Jinsi ya kuchagua njia ya kutoa matoleo ya programu kwenye timu yenu

Kabla hamjaanza kubishana kama mtoe toleo kila siku au kila mwezi, jiulizeni hivi: toleo jipya likizingua saa hii, mnarudisha la zamani kwa muda gani? Dakika mbili? Nusu siku? Au haiwezekani kabisa? Jibu lenu ndo linachagua njia, wala msiangalie timu fulani maarufu inafanyaje.

Kama programu inakaa kwenye seva zenu wenyewe na testi zinajiendesha zenyewe, toeni mara kwa mara, hata mara kadhaa kwa siku, maana badiliko dogo likileta shida mnajua hapo hapo ni lipi, ila mkilimbikiza kazi ya mwezi mzima mkaipandisha kwa mkupuo mtakesha mkitafuta mchawi.

Apu ya simu ni habari nyingine kabisa. Ikishaingia kwenye simu ya mtu huwezi kuivuta irudi, na App Store, duka la apu la Apple, wanaikagua kwanza, kwa hiyo hapo mi napendelea ratiba: tarehe inajulikana, kilicho tayari kinapanda, kisicho tayari kinangoja zamu ijayo. Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, wanaenda hivyo tangu 2004, kila baada ya miezi sita, na kivinjari cha Chrome wakapunguza kutoka wiki 6 hadi 4 mwaka 2021. Zamu zikiwa karibu karibu hakuna mtu anayelazimisha kazi mbichi iingie, na hiyo pekee inapunguza hitilafu.

Ratiba yoyote mtakayochagua, msiwape watu wote kwa mpigo, tafadhali sana. Anzeni na asilimia 1 ya watumiaji, angalieni makosa na kasi, nendeni 10, halafu ndo wote. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, walituma faili moja lenye kasoro kwa wateja bila kuanza na wachache, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikaanguka, na japo walilisitisha ndani ya dakika 78 mashine nyingi zilibidi zifuatwe moja moja kwa mkono.

Seti mbili za seva, moja inahudumia nyingine inasubiri kupandishiwa toleo jipya, ni nzuri sana maana kurudi nyuma ni kugeuza njia ya watumiaji tu, ila mnalipia seva mara mbili, timu ndogo isijiumize.

Sasa databesi, hapa ndo wengi wanakwama. Unaweza kurudisha programu ya zamani lakini data imeshabadilika, kwa mfano mmebadilisha jina la safu (kolamu ya jedwali la data) kutoka simu kuwa namba_ya_simu, programu ya zamani inatafuta simu haipo, inakufa. Fanyeni kwa hatua, kila hatua toleo lake: ongezeni safu mpya mkiiacha ya zamani, programu iandike kote kuwili, nakilini data ya nyuma, kisha programu ianze kusoma mpya huku bado inaandika kote kuwili, hivyo mkikwama hapo mnarudi nyuma bila kupoteza kitu. Mkitulia, acheni kuandika ya zamani. Kuifuta kuje mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha hakuna seva wala ripoti inayoisoma, na mchukue bekapu kwanza.