Somo: Kopo la soda linalobonyea lenyewe

Wakuu, kila wiki naulizwa kuhusu lile zoezi la kopo, na wengi wanaouliza wameshajaribu likagoma. Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mahitaji: kopo tupu la soda la alumini, jiko la mkaa, koleo refu, beseni la maji. Maji ya bomba au ya ziwani, yote sawa. Barafu si lazima.

1. Suuza kopo.

2. Tia maji kijiko kikubwa kimoja. Kimoja tu.

3. Liweke kwenye makaa yaliyokolea, mdomo wazi.

4. Subiri mvuke. Hapa ndipo nilipoharibu mbele ya darasa la sita, nyuso zaidi ya sitini zinanitazama. Niliona mvuke wa kwanza, nikalipindua kopo haraka. Halikubonyea hata kidogo. Sababu ni kwamba mvuke wa mwanzo unatoka umechanganyika na hewa, na hewa iliyobaki ndani haigeuki maji ikipoa. Lazima mvuke uifukuze yote kwanza. Kwa hiyo mvuke ukianza kutoka kwa wingi bila kukatika, hesabu dakika moja nzima.

Mara ya pili nikakosea upande mwingine. Nilisubiri mno, maji yakakauka, rangi ya kopo ikaanza kuungua na moshi wake ukajaa darasani. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, na makaa yanayopepewa yanaweza kufika huko. Tega sikio: maji yakiwa yanatokota utayasikia. Sauti ikififia, liondoe mara moja.

ONYO: kamwe usiweke motoni chombo kilichofungwa mdomo. Kitapasuka.

5. Shika kopo kwa koleo, kiganja kikitazama juu, kisha ulipindue mdomo chini ndani ya beseni kwa mkupuo mmoja. Fanya mazoezi kwanza na kopo baridi. Ukilitumbukiza limesimama, hewa inajiingilia juu na hakuna kitakachotokea. Watoto wakae hatua tatu nyuma.

6. Toa siri. Hatua hii wengi mnairuka, na kwangu ndiyo somo lenyewe. Kopo likibonyea, darasa litapiga kelele "uchawi!" Uliza: nani kalibonyeza? Nyamaza, wabishane. Kisha eleza: maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke ukipoa ghafla unarudi kuwa matone, ndani panabaki karibu patupu, na hewa ya nje inaliponda kopo. Kanda ya Ziwa tunajua watu waliopoteza mali, na waliopoteza uhai, kwa sababu ya wanaodai kuwa na nguvu zisizoonekana. Mtoto asitoke darasani akidhani mwalimu ana dawa. Mwite mmoja awaeleze wenzake upya, kwa maneno yake.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Maji kiasi gani?
— Hatua ya 2.

Mdau wa Igoma: Nina kopo la rangi lenye mfuniko, si linakuwa na nguvu zaidi nikilifunga?
— Hapana. Soma onyo. Mabaki ya rangi yanawaka moto, na kopo lililofungwa linapasuka. Usifanye.

Kidato cha Pili, Sengerema: Shikamoo mwalimu. Je, huku kwetu kopo linabonyea sawa na Dar?
— Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyo juu yetu ni pungufu. Dar hewa inakandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo moja na ushee. Kwetu ni kama 0.9. Tofauti hiyo hutaiona kwa macho. Utaiona kwa kipimajoto: Dar maji huchemka karibu nyuzi 100, Mwanza karibu 96. Mwombe mwalimu wako mpime pamoja, kisha uniletee jibu.

Mama wa Buswelu: Mimi nawafundisha nyumbani wa miaka sita, moto naogopa.
— Una haki dada. Jaza glasi maji hadi ukingoni, funika kwa kadi ngumu, igeuze ukiwa umeshikilia kadi, kisha achia. Hewa ileile inaizuia kadi isianguke. Fanyia juu ya beseni.

Mdau wa Ukerewe: Kuna na juisi ya choya pia. Ukikamulia limau inakuwa nyekundu ya kung'aa, ukitia magadi inabadilika kabisa.
— Hiyo nzuri, na darasani haina moto. Choya isiwe na sukari, chemsha iwe nzito halafu uizimue kwa maji ili rangi ionekane.

Mdau wa Ukerewe: Maji ya jivu je, badala ya magadi?
— Yanafaa, yachuje kwa kitambaa. Yasiingie machoni, na juisi hiyo asiinywe mtu.