Mume wa dagaa, panga mambo kwa tarehe za mwezi

Mashoga wa Mikindani na Msanga Mkuu, huku Mtwara, mlioolewa na watu wa taa, wale wanaovua dagaa usiku kwa taa, hii ichukueni. Kabla hujakubali tarehe yoyote ya kikoba, kikao cha harusi au kumpeleka mtoto kliniki na baba yake, angalia kwanza mwezi wa Kiislamu ni tarehe ngapi, hata kwenye simu ipo. Kuanzia kama 12 mpaka 17 mbalamwezi inawaka usiku kucha, taa za mtumbwini hazivuti dagaa maana bahari nzima ina mwanga, samaki wametawanyika, kwa hiyo boti nyingi zinapumzika na mzee yupo nyumbani anashona nyavu na kuulizia chai kila saa. Shughuli zinazomtaka yeye ziweke hapo. Ila zinazotaka hela, marejesho hasa, ziombee kwenye giza, tarehe za mwisho wa mwezi na za mwanzo, maana ndo pesa inaingia, na hapohapo chomoa kidogo ufiche ya kula siku za mbalamwezi (usimwambie ulipoificha, ataikopa ya mafuta).

Inapokataa: upepo wa kusi ukivuma sana, kati ya Juni na Agosti hivi, giza lipo na bado hatoki. Akienda dago (kambi ya wavuvi) Kilwa ndo usahau kabisa, mbalamwezi ataimalizia hukohuko. Na kama mumeo ni wa mshipi, yule wa ndoana, hesabu yake nyingine, huyo muulize bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo).