Kuondoa meno ya kitana kwenye video za MiniDV

Mikanda ya MiniDV (ile midogo ya kamera za video za nyumbani) ninayoletewa hapa Morogoro mingi ni ya harusi na kipaimara za miaka ya 2000. Ikichezwa kwenye kompyuta, bibi harusi akigeuka haraka tu kingo zake zinachanika kama meno ya kitana. Mkanda ni mzima, msiutupe! Kamera zile za PAL, mfumo wa TV uliotumika kwetu, hazikupiga picha nzima kwa mkupuo. Zilipiga mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu, kila zamu ni nusu picha iitwayo fildi, fildi 50 kila sekunde, na TV ya chogo ikaionyesha kwa zamu hiyo hiyo. Kompyuta inabandika fildi mbili kuwa fremu moja, wakati zimepigwa kwa nyakati mbili tofauti.

Ingiza mkanda kwa waya wa FireWire, upate faili la DV kama lilivyo kwenye mkanda, na ulitunze hilo. Kisha fanya kazi kwenye nakala.

Mimi hutumia HandBrake, programu ya kubadilisha video, ni ya bure. Fungua Filters, kwenye Deinterlace (kutenganisha fildi) chagua Bwdif, na Preset iwe Bob. Hapo kwenye Bob ndipo wengi wanapopotea. Wanaacha chaguo la kawaida, wanapata fremu 25, meno yanaondoka kweli, lakini nusu ya mwendo imeondoka nayo. Kwaito ukumbini inakuwa nzito, miguu inarukaruka. Bob hugeuza kila fildi kuwa fremu yake, kwa hiyo kwenye Video weka kasi 50, isiyobadilika. Ubora, RF 16 inatosha (namba ikiwa ndogo, picha ni safi zaidi).

Baada ya hapo ndipo unakata na kuunganisha. Ukitumia Shotcut, programu ya kuhariri video, mradi nao uwe wa fremu 50, la sivyo unazitupa tena mwishoni.

Usikuze wala kupunguza picha kabla ya kutenganisha fildi. Ukibadilisha urefu wa picha mapema, mistari ya fildi mbili inachanganyika, na hakuna chujio litakaloitenganisha tena. Nimeletewa mafaili yaliyokuzwa hivyo dukani fulani, na dawa ilikuwa kurudi kwenye mkanda wenyewe.

Mwendo ukitetemeka mbele na nyuma, mpangilio wa fildi, yaani ipi inatangulia, umegeuzwa. DV huanza na fildi ya chini. HDV na AVCHD, za kamera za HD, huanza na ya juu. Kwa DV, ffmpeg, programu ya kuandikiwa amri, hukuruhusu kulitamka wazi (bff ni fildi ya chini kwanza):

ffmpeg -i harusi.dv -vf bwdif=mode=send_field:parity=bff -c:v libx264 -crf 16 -c:a aac harusi50.mp4

Kama mzee anataka DVD ya kutazama kwenye TV ya chogo, haya yote yaache. Kata faili la DV moja kwa moja, toa video ikiwa bado na fildi zake, 720 kwa 576, kwa mpangilio ule ule wa chini kwanza.