Kuchagua glezi ya taji la jino: anza na kilicho chini yake

Glezi ni tabaka jembamba la kioo linalopakwa juu ya taji na kuchomwa tanurini. Mng'ao wake usikuvute kwanza. Jua taji limetengenezwa kwa kitu gani, kisha usome kwenye kopo la glezi kiwango cha kutanuka kwa joto, yaani sehemu ngapi kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Kati ya kauri za taji, zirkonia ni takriban 10.5, lithiamu disiliketi hukaribia 10.2, na poseleni ya juu ya chuma huwa 12 hadi 13 na ushei. Glezi iwe chini kidogo ya hapo. Hivyo taji likipoa na kusinyaa huikandamiza glezi, na kauri huvumilia kukandamizwa kuliko kuvutwa. Ikiwa juu, hutokea nyufa nyembamba kama nywele, pengine siku kadhaa baada ya kazi kutoka maabara. Ndiyo maana glezi ya poseleni ya chuma haifai zirkonia, hata kama kopo bado limejaa.

Halafu joto la kuchomea. Kwa lithiamu disiliketi tafuta glezi inayoiva chini ya nyuzi 770 za Selsiasi hivi; ukipita sana, kingo huviringika na taji hupoteza umbo.

Kwa meno ya mbele ya zirkonia, chukua glezi yenye floresensi, yaani inayong'aa ikipigwa na mwanga wa urujuanimno. Zirkonia peke yake haing'ai chini ya mwanga huo kama jino la asili, na chini ya taa za urujuanimno za ukumbini taji huonekana jeusi.

Glezi ya pesti ni rahisi kuitawala kwa brashi. Ya kupuliza ni ya haraka, lakini huingia ndani ya taji. Ifute kwa brashi kavu kabla ya kuchoma, maana hata utando mwembamba humzuia daktari kulikalisha taji sawasawa.

Sehemu za kung'atia za zirkonia zing'arishwe kwanza, ndipo upake. Glezi huisha kwa kutafuna, na zirkonia yenye mikwaruzo hulisaga jino la upande wa pili.

Kausha mdomoni mwa tanuri dakika 4 hadi 6. Ukiharakisha, kimiminika huchemka na kuacha vipovu. Zirkonia hupitisha joto polepole, basi panda nyuzi 45 kwa dakika au chini yake.

Uso ukitoka na ukungu wa maziwa, glezi haijaiva. Kabla ya kulaumu kopo, pima tanuri kwa waya wa fedha safi, unaoyeyuka nyuzi 962. Ukiyeyuka wakati kioo kinasoma 940, tanuri lina joto zaidi kwa nyuzi 22. Ukibaki mzima kwenye 975, linapungukiwa.