Somo: Faji ya kakao ya kizamani, na kwa nini mkono wa kashata unaiharibu

Wapendwa, somo hili niliwaahidi tangu kabla ya mfungo, mmenidai mpaka nimeona aibu. Haya, limefika.

Kwa wasioijua, faji ni kitamu cha sukari, maziwa, kakao na siagi, kinachokatwa vipande kama kashata ila kikifika mdomoni kinayeyuka bila kutafunwa. Asili yake Marekani. Kuna barua ya Emelyn Hartridge, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha Vassar, anaeleza kwamba mwaka 1888 alipika paundi 30 za faji kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Paundi 30 ni kama kilo 13 na nusu. Mimi nusu kilo tu inanitoa jasho, na sijui yule binti alikuwa na mkono wa namna gani.

Maelekezo ninayofuata nimeyatoa kwenye daftari la marehemu shangazi yangu, aliyekuwa mwalimu wa sayansi kimu na akastaafia Mikindani. Aliyanakili kutoka kitabu fulani cha Kizungu. Penye "miraba 2 ya chokoleti isiyo na sukari" amepiga mstari wa penseli, juu yake kaandika "kakao vijiko 6". Mtwara ya enzi zile chokoleti hiyo angeitoa wapi? Chini yake kuna "siagi, ukubwa wa yai". Hapo mimi na dada yangu tulibishana jioni nzima: yai la kuku gani? Tukaenda kupima. La kienyeji halikufika gramu 50, la kisasa likagota 60. Vitabu vya zamani vya Kimarekani vikisema siagi ya ukubwa wa yai humaanisha kama robo kikombe, yaani gramu 57 hivi, kwa hiyo kuku wa kisasa kashinda. Na siagi hiyo si nyingi kama inavyoonekana. Chokoleti huja na mafuta yake, kakao ya unga imeshakamuliwa, sasa lazima mafuta yarudi kwa mlango mwingine.

Mahitaji

Sukari vikombe 2 (gramu 400). Kakao ya unga vijiko vikubwa 6, ile chungu isiyo na kitu kingine. Unga wa kinywaji cha chokoleti una sukari na maziwa ndani yake, hautufai. Kakao ya Tanzania nyingi inatoka Kyela. Ukipata iliyosagwa huko, chukua. Maziwa mazima robo tatu kikombe (mililita 180). Asali kijiko kimoja cha chai. Chumvi kidonyo. Siagi ya maziwa gramu 57, si majarini, maana majarini nyingi za kupaka zina maji zaidi na faji inabaki na ladha ya mkate. Vanila kijiko cha chai. Korosho zilizokaangwa kikombe kimoja, na tafadhali nunua vipande. Korosho nzima waachieni wanaouza nje, huku tunazikatakata hata hivyo.

Sufuria iwe nzito, ya lita 3. Utaiona kubwa mno kwa vitu vichache hivyo, lakini maziwa na kakao vikichemka vinapanda kama vina hasira. Sufuria zetu nyembamba za bati zinaunguza chini kabla juu hakujaiva. Uwe pia na mwiko wa mti, mfuniko, na trei ya sentimeta 15 kwa 15 iliyopakwa siagi. Kipimajoto cha jikoni ukiwa nacho vizuri. Shangazi hakuwa nacho.

Mapishi

1. Changanya sukari, kakao na chumvi vikiwa vikavu, uvunjevunje madonge kwa vidole. Ukianza na maziwa, kakao itaelea vipande vipande na utaikimbiza sufuria nzima.

2. Tia maziwa na asali, moto mdogo, koroga polepole. Hapa sikiliza mwiko. Ukiupitisha ubavuni mwa sufuria na bado unakwaruza, sukari haijayeyuka. Ukinyamaza, endelea. Usipandishe moto kabla mwiko haujanyamaza, hata kama umechoka kusimama.

3. Kikianza kuchemka, funika dakika 2 au 3. Mvuke utateremka na kuosha chenga za sukari zilizoganda ubavuni. Chenga moja tu ikirudi sufuriani baadaye, inawaita wenzake.

4. Funua, moto wa wastani, na sasa mwiko uweke chini. Usikoroge tena. Kwenye gesi inachukua kama dakika 15 mpaka 20. Kwenye mkaa sikushauri, labda kama unajua kuutuliza kwa majivu.

5. Kipimajoto kikifika nyuzi 114 za Selsiasi, epua. Kama huna, fanya alivyofanya shangazi: dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, ulikusanye kwa vidole. Likikubali kuwa tonge laini, na ukilitoa majini linalegea na kubonyea kiganjani, limefika. Lisipokusanyika, bado. Likiwa gumu kama gololi, umepitiliza. Lakini maji ya bomba la Mtwara mwezi wa kumi na moja hayana ubaridi wowote, yatakudanganya. Weka barafu bakulini, subiri maji yapoe sawasawa, kisha toa barafu ndipo upime.

6. Sasa ndiyo hatua inayotushinda watu wa pwani. Weka siagi na vanila juu juu, na USIKOROGE. Weka sufuria mahali tulivu, mbali na feni na mbali na watoto, uende zako. Inatakiwa ishuke mpaka nyuzi 43 au 45, yaani ukigusa kitako cha sufuria kwa kiganja unasikia vuguvugu tu. Kwa joto letu hiyo ni saa moja na nusu, pengine mbili.

Nieleze kwa nini, maana mara yangu ya kwanza nilipata sufuria ya mchanga mtamu. Sisi tumelelewa na kashata. Kashata ikiwa motoni au ikiepuliwa, mkono haupumziki, unakoroga mpaka sukari igeuke na kuganda, na zile chenga ndizo kashata yenyewe. Faji ni kinyume chake. Sukari iliyoyeyuka ikiwa bado ya moto, ukiitikisa inaanza kutengeneza fuwele (punje za sukari inayoganda) chache, na hizo chache zinapata nafasi ya kunenepa. Ulimi unazisikia. Ukiiacha ipoe bila kuguswa, inabaki imejaa sukari kupita inavyoweza kubeba, imetulia tu inangoja kisa. Ukija kuipiga hapo, fuwele zinazuka zote kwa mpigo, nyingi na ndogo kiasi kwamba ulimi hauzijui. Asali nayo inazizuia zisishikane ovyo. Kijiko kimoja tu kinatosha, kwa sababu asali huvuta unyevu wa hewa na hewa yetu ina wa kutosha.

7. Haya, mwiko sasa. Piga kwa nguvu, dakika 10 hadi 15. Mwanzoni inang'aa kama kiatu cha askari. Halafu mwiko unaanza kuwa mzito, rangi inafifia kidogo kuelekea hudhurungi, na ile sauti ya kunata inakuwa ya kukatika. Inua mwiko: tone likianguka na kukaa na umbo lake juu ya uso, na mng'ao ukiondoka, imefika. Mwaga korosho (ziwe za uvuguvugu, zilizo baridi zinagandisha mahali zilipogusa), geuza mara tatu, mimina kwenye trei haraka. Hapa huna dakika, una sekunde. Kilichobaki sufuriani usikikwangue kukiunganisha na kingine, hicho ni cha watoto.

8. Ikianza kushika, chora mistari kwa kisu, vipande 36. Ikipoa kabisa vitaachana vyenyewe.

Ukiweza, pika wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, hewa ikiwa kavu kidogo. Siku ya mvua mimi napitisha hadi 115.

Maswali ya wanachama

Kutoka Newala: Dada, nimefuata 114 kwa kipimajoto kipya, imetoka kavu inavunjika kama biskuti. Nimekosea wapi?

Hujakosea, umepanda mlima. Sisi wa Shangani hapa Mtwara na Lindi mjini tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa 100. Huko juu ya uwanda wa Makonde yanachemka mapema, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300 unazopanda, na sukari nayo inafuata hesabu hiyohiyo. Chemsha maji matupu, chovya kipimajoto, usome. Kikisema 98, basi toa 2: epua faji kwenye 112. Hata wa pwani fanyeni jaribio hili, vipimajoto vingine vinatoka dukani vikiwa vimeshapotoka.

Kutoka Kilwa Masoko: Nazi tunazo, maziwa ya ng'ombe ni ya kutafuta. Tui linafaa?

Nimejaribu mara mbili. Tui zito tupu lilishika vizuri, lakini kesho yake vipande vilikuwa vinatoka jasho la mafuta. Nusu tui la kwanza, nusu maziwa, na siagi upunguze iwe kijiko kikubwa kimoja, hiyo ilikubali na watu waliila wakasifu. Maziwa ya unga yaliyokorogwa mazito nayo yanafaa.

Kutoka Masasi: Yangu iligandia sufuriani nikiwa bado napiga, mwiko ukasimama wima katikati. Niliitupa.

Pole, sukari yote hiyo! Mara nyingine usitupe. Ongeza maziwa vijiko vikubwa 4, rudisha kwenye moto mdogo kabisa, koroga mpaka mwiko unyamaze tena, chemsha hadi 114, na uanze upya kungoja. Iliyokataa kuganda, ile inayobaki kama uji, dawa yake ni hiyohiyo. Ladha ya siagi inapungua kidogo, basi. Nilishawahi kuipika sufuria moja mara tatu kwa siku moja, siku ambayo umeme ulikuwa unakatika na mimi napima kwa tochi ya simu.

Kutoka Lindi: Shikamoo mama. Nauza keki na juisi karibu na stendi, nataka kuongeza faji. Itahimili jua?

Marahaba mwanangu. Itahimili kuliko chokoleti, kwa sababu kinachoishikilia ni fuwele za sukari, na hizo haziyeyuki kwa jua la Lindi. Lakini siagi italainika na vipande vitashikana, kwa hiyo funga kila kimoja kwenye karatasi yenye nta, uviweke kwenye kopo linalobana, kivulini. Ndani ya kopo zinakaa wiki mbili bila shida. Zikiachwa wazi, siku mbili tu juu zinakauka na pembeni zinanata. Friji sikushauri, ukizitoa zinaloa. Na sisimizi: kopo likae juu ya kibao kilichosimama kwenye sahani ya maji, usiamini mfuniko. Bei sitakutajia, sukari yenyewe haitulii. Piga hesabu ya sufuria nzima kisha ugawe kwa 36.

Kutoka Nachingwea: Mimi hutumia maziwa mazito ya kopo na chokoleti, dakika tano kazi imekwisha. Kwa nini nihangaike hivi?

Usihangaike kama ile inakuridhisha. Ni tamu na haishindikani. Ila ile haigandi kwa fuwele, inaganda kwa chokoleti kupoa, ndiyo maana inabonyea kama ufizi na joto likipanda inalegea. Pika zote mbili uziweke sahani moja, uwape watu wa nyumbani bila kuwaambia.

Kutoka Mtwara mjini: Mama, hii si kashata ya kakao tu jamani?

Ungekuwa karibu ningekupa kipande badala ya jibu. Nimeshaandika juu hapo: kashata unaitafuna, hii inaondoka yenyewe.

Kutoka Mikindani: Shangazi yako alinifundisha darasa la saba! Tunaomba picha ya ukurasa wenyewe.

Nitaupiga kesho mchana kukiwa na mwanga. Mtaona doa la siagi limekula mstari wa mwisho, penye vanila, halisomeki hata kwa miwani. Hicho kijiko kimoja cha chai ni makisio yangu. Kama ulipika naye ukakumbuka alikuwa anatia kiasi gani, niandikie.