Namna ya Kucheza Fallout ya Mwaka 1997 Bila Kuishiwa na Siku

Fallout ya kwanza, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Interplay ya Marekani mwaka 1997, haihitaji kompyuta ya bei. Mimi huicheza hapa Kondele, Kisumu, kwenye laptopu ya mitumba ambayo mteja aliniachia badala ya kulipa deni la matengenezo. Mchezo wenyewe haufiki hata gigabaiti moja, na ukishawekwa ndani ya mashine hauombi bando. Kinachohitajika ni subira ya mcheza drafti, kwa kuwa hapa kila mmoja husubiri zamu yake, na ukiisogeza kete vibaya hakuna vidole vyepesi vitakavyokuokoa.

Kisa chake ni kifupi. Mwaka ni 2161, miaka 84 baada ya vita vya nyuklia kuiangamiza dunia, na wewe ni mkazi wa handaki liitwalo Vault 13 huko California. Chipu inayoendesha mtambo wa kusafisha maji imeharibika, na msimamizi anakutoa nje ukatafute nyingine kwa muda wa siku 150. Wengi wanaouacha mchezo huu huuacha katika saa ya kwanza, wakilaumu panya wa pangoni. Kwa maoni yangu panya hawana kosa. Mchezaji huwa ameshakosea hesabu kabla hajakutana na panya hata mmoja, na ndiyo sababu mwongozo huu unatumia muda mrefu mahali ambapo hakuna risasi inayopigwa.

Hatua ya 1: Jitengenezee mhusika wako mwenyewe

Mchezo utakupa wahusika watatu waliotayarishwa. Waache. Tengeneza wako, kwa sababu sifa saba utakazozipanga hapa hazibadiliki kwa urahisi baadaye. Kila sifa huanza na 5 na hufika 10, nawe unapewa pointi 5 za kuongeza. Unaruhusiwa pia kuchagua tabia mbili za kuzaliwa nazo. Ninapendekeza ile inayoitwa Gifted, inayoongeza pointi moja kwa kila sifa, ingawa hupunguza ujuzi wako wa mwanzo na pointi za ujuzi unazopata kila unapopanda kiwango. Hasara hiyo inavumilika.

Mpangilio ninaoutumia ni huu, kwa vifupisho vinavyoonekana kwenye skrini: ST (nguvu) 5, PE (utambuzi) 8, EN (ustahimilivu) 5, CH (mvuto) 2, IN 9, AG 10, LK (bahati) 8. Kila namba ina sababu yake, lakini inayozipita zote ni AG, yaani wepesi. Pointi za hatua unazopewa kila zamu ni 5 ukijumlisha nusu ya AG. Mwenye AG 5 anapata pointi 7, na bastola ya milimita 10 unayoanza nayo hula pointi 5 kwa kila risasi. Maana yake atapiga mara moja na kubaki na hatua mbili za kutembea. Mwenye AG 10 anapata pointi 10, hivyo anapiga mara mbili. Fikiria tofauti hiyo ikirudiwa katika mapigano mia, kisha uniambie kama nguvu za mikono zina maana kubwa kiasi hicho. IN, yaani akili, inafuata kwa umuhimu, kwa sababu ndiyo huamua pointi za ujuzi na maneno unayoweza kuyatamka mbele ya watu. Ukiishusha chini ya 4, mhusika wako ataguna tu badala ya kuongea, jambo linalochekesha jioni moja na kuchosha ya pili.

Baada ya hapo utaweka alama kwenye ujuzi wa aina tatu kati ya 18. Chagua silaha ndogo, ambazo ziko mstari wa kwanza kabisa, kisha kufungua kufuli na kuzungumza. Wageni wengi huvutiwa na silaha kubwa na zile za miale. Hizo hazipatikani mapema, na mtu anayesubiri bunduki ambayo hana huliwa na nge.

Hatua ya 2: Jifunze zamu kwa panya wa pangoni

Nje ya mlango wa handaki kuna pango lenye panya. Usiwakimbie, kwa maana hilo ndilo darasa lako. Mpwa wangu, aliyezoea gemu za mpira, aliketi hapa karakana siku moja akacheza dakika tano, kisha akaniita: “Mjomba, hii imeharibika. Nabonyeza, mtu hasogei.” Nilimwonyesha safu ya vitaa vidogo vya kijani vilivyo juu ya picha ya silaha, chini ya skrini. Kila kitaa ni pointi moja ya hatua. Kupiga risasi mbili kulikuwa kumevizima vyote, na panya alikuwa bado mzima. Akarudia. Safari hii alipiga risasi moja panya alipokuwa mbali, akarudi nyuma hatua tano, akamaliza zamu. Panya akatumia zamu yake kutembea badala ya kuuma.

Huo ndio msingi wa vita vyote vya mwanzo. Adui asiye na bunduki analazimika kulipa pointi ili akufikie, mlipishe. Ukiwa na pointi zilizobaki na huna la maana la kufanya, ziache bila kuzitumia, kwani huongeza kinga yako hadi zamu ijayo.

Kuna mengine mawili ambayo hayaelezwi vizuri na mchezo. La kwanza ni kwamba kufungua mkoba wakati wa vita hugharimu pointi 4, ijapokuwa ukishaufungua unaweza kujitibu mara kadhaa bila kulipa zaidi. Mhusika ana mikono miwili, kwa hiyo weka bastola mmoja na dawa ya sindano mwingine, ili jeraha moja likutoze pointi chache tu. La pili ni kulenga kiungo. Kwa kuongeza pointi moja unachagua macho, mguu au mkono, na dirisha la kulenga litakuonyesha asilimia ya uwezekano wa kila mahali. Macho yana asilimia ndogo lakini madhara makubwa. Mwanzoni lenga mwili, na uyaache macho hadi ujuzi wako upande.

Hatua ya 3: Fuata mstari wa mashariki, lakini simama njiani

Ramani yako ina alama ya Vault 15, handaki jingine lililo mashariki, ambako utaanza kutafuta chipu. Ukienda moja kwa moja utapita kijiji cha Shady Sands, na hapo ni lazima usimame. Chukua kamba. Ninarudia, chukua kamba, kwa sababu lifti za Vault 15 zimekufa na bila kamba huteremki kokote. Mimi nilifika mlangoni bila kamba na nikapoteza siku kurudi.

Karibu na lango la kijiji utamkuta Ian, mlinzi anayekubali kuandamana nawe kwa vizibo 100, au kwa maneno matamu ukiwa na ujuzi wa kuzungumza. Mchukue, ila usimpe bunduki inayomimina risasi mfululizo. Ian hatazami nani yuko mbele yake, na mgongo wako utakuwa mbele yake mara nyingi. Bastola inamtosha.

Ndiyo, fedha za mchezo huu ni vizibo vya soda, vilevile tunavyochezea drafti. Thamani yake inategemea maji yanayouzwa na wafanyabiashara wa mji wa Hub, na mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni na mtungi wa lita 20 huku ziwa likiwa mbele ya macho yake ataelewa bila maelezo kwa nini mwenye maji ndiye mwenye benki.

Hatua ya 4: Hesabu siku kama unavyohesabu risasi

Chipu haiko Vault 15. Ninalisema wazi kwa sababu chumba ulichokifuata kimefukiwa na vifusi, na wachezaji wengi hukaa humo wakipekua makabati wakiamini wamekosea. Toka, elekea kusini hadi mji wa Junktown, kisha Hub, uulize watu. Hapo ndipo ujuzi wa kuzungumza unapolipa.

Saa inayokumaliza kimyakimya ni ile ya kupumzika. Kifaa cha mkononi kiitwacho Pipboy kina kitufe cha kulala hadi upone, na mtu mwenye majeraha mengi anaweza kulala siku nyingi bila kujua. Katika mchezo wangu wa kwanza nililala kila baada ya vita. Nilipokuja kuangalia tarehe zilikuwa zimebaki siku tisa, na sikuwa nimesikia hata uvumi wa chipu. Tumia dawa, punguza safari zisizo na sababu, na ukifika Hub ukiwa na vizibo vya kutosha, wauza maji watakubali kupeleka shehena nyumbani kwenu, jambo linalokuongezea siku 100.

Utakapoipata chipu, ongea kwanza na wanaoishi karibu nayo. Na wao wanaitegemea, na ukiing'oa bila kuwatengenezea pampu yao umewahukumu. Vipuri vya pampu hiyo vipo, ukivitafuta.

Hatua ya 5: Hifadhi mahali tofauti

Kuna nafasi kumi za kuhifadhi mchezo. Tumia angalau nne kwa kuzungusha: moja kabla ya kila mji, moja kila siku kumi za safari. Kitufe cha F6 huhifadhi haraka, nacho kina hatari yake, kwa kuwa huandika juu ya nafasi ileile. Nilikibonyeza nikiwa na damu ya pointi tatu, katikati ya nge wawili, umeme ukapotea mtaa mzima, na uliporudi nafasi yangu pekee ilikuwa ile ya nge. Tangu hapo sihifadhi katikati ya vita hata kidogo.

Mpwa wangu alirudisha chipu siku ya 112. Alidhani amemaliza, hadi msimamizi alipomtuma tena nje kutafuta chanzo cha majitu yanayozagaa nyikani. Sehemu hiyo ni ngumu zaidi, lakini katika toleo lililosahihishwa haina tarehe ya karibu ya kukusukuma, kwa hiyo kabla hujatoka mlangoni hifadhi kwenye nafasi mpya, rudi Hub, na utumie vizibo vyote ulivyonavyo kununua silaha na mavazi ya kinga.