SOMO: Washa (vipete bapa vya kuzibia) za injekta kwenye D4D (1KD). Soma yote kabla hujauliza

Naandika hii kwa sababu naulizwa kitu kile kile kila siku, "fundi, double cabin yangu inagonga asubuhi, ninunue injekta mpya?" na kabla sijamaliza kujibu mtu ameshalipia nne. Kuanzia leo ukiniuliza nitakuleta hapa.

Somo ni la Toyota Hilux zenye injini ya 1KD-FTV, ile dizeli ya lita 3.0 ya komoni reli (paipu moja ya presha inalisha injekta zote) ambayo watu wanaiita D4D, iliyokuwa kwenye Hilux za 2005 mpaka 2015 hivi, na Prado za injini hiyo hiyo. Nyingi hapa Uganda zilifika zimeshatumika, waranti ilikwisha zamani, aliyekuuzia pale bondi (yadi ya magari ya kuagiza) ukimpigia hapokei. Maana yake kila uzembe wa gereji unalipa wewe, kwa hiyo usimwachie fundi ufunguo ukaenda zako. Simama pale uone.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Injekta, ile inayomwaga dizeli ndani ya silinda, inakaa ndani ya silinda hedi (kipande cha juu kinachofunika silinda) juu ya washa ndogo ya shaba. Washa ikichoka, moshi wa moto kutoka silinda unapenya pembeni ya injekta unapanda mpaka ndani ya rokakava (kifuniko cha juu cha injini) na unachanganyika na oili. Oili inakuwa nzito kama lami, masizi yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), yanaziba strena (chujio la waya) pale pampu ya oili inaponyonyea. Presha inaanguka, tarbo na beringi zinakauka, injini inakwama. Halafu watu wanasema D4D inakufa ghafla. Haifi ghafla jamani, imekaa na kiu ya oili miezi na hakuna aliyefungua kuangalia.

1. Hakikisha kwanza. Inagonga ikiwa baridi, oili inakuwa nyeusi nzito muda mfupi baada ya kubadilisha, taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima ukiwasha asubuhi. Hiyo ya taa ukiiona usiendeshe, ita wa kukuvuta.

2. Weka skana (mashine ya kusoma kompyuta ya gari) injini ikiwa ya moto, iko sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), usome namba za kusahihisha kila injekta, yaani kompyuta inavyoiongezea au kuipunguzia dizeli. Mafundi wengi wanashika mpaka wa 3 juu na 3 chini ya sifuri. Injekta iliyo ndani ya mpaka haina haja ya kutupwa, inaweza kuwa nzima kabisa na shida ni washa peke yake.

3. Osha injini juu kabla hujafungua chochote. Mchanga ukiingia kwenye paipu za dizeli umeua injekta nzima.

4. Toa paipu, ziba kila tundu na kitu safi, toa rokakava, toa injekta, ziandike 1 mpaka 4 zisichanganyike.

5. HAPA NDIPO PANAPOHARIBIKA, na mimi mwenyewe paliniharibikia kwenye gari ya mteja. Ukivuta injekta, washa ya zamani mara nyingi haitoki nayo, inabaki imegandia chini kabisa kwenye shimo, imefunikwa na masizi, rangi inafanana na hedi yenyewe na huioni kwa macho. Fundi mwenye haraka anaweka mpya juu ya ile ya zamani anafunga. Gari inawaka vizuri, mteja anafurahi, na moshi unaendelea kupita kama jana kwa sababu washa mbili hazikai sawa, na ncha ya injekta imepanda juu haimwagi dizeli mahali pake. Kwa hiyo: hesabu. Injekta nne, washa za zamani nne mkononi. Ukiwa nazo tatu, ya nne iko ndani ya shimo, ingiza tochi uitafute, ivute na kindoano. Usigongegonge na bisibisi, utachuna kikalio (pale washa inapokaa) na hapo sasa hedi lazima ishuke. Ukishaitoa, safisha kikalio na kile kikatio cha mkono cha kazi hiyo, weka grisi kwenye meno yake ishike masizi yasidondoke kwenye silinda, zungusha taratibu mpaka kikalio king'ae pande zote. Kisha nyonya uchafu na vakyumu. Usipulize na kompresa, unaupeleka pistoni.

6. Washa mpya tu, za injini hii, unene ule ule. Kuchoma washa ya zamani kwenye moto ilainike uirudishe, hapana. Silikoni, hapana.

7. Funga na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha injini. Mkono haupimi.

8. Paipu ya kurudisha dizeli kwenye injini hii iko NDANI ya rokakava. Bolti zake zenye tundu nazo zinataka washa mpya, na lazima uipime kama inavuja kabla hujafunika: upepo kidogo ndani ya paipu, maji ya sabuni juu, angalia mapovu. Ikivuja dizeli inaingia kwenye oili, kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka na wewe unafikiri ni baraka.

9. Shusha sampu, angalia strena. Usikubali kuambiwa "hii haina haja". Kama injekta zilikuwa zinavuja, strena ina masizi. Osha, weka oili mpya karibu lita 7 na filta mpya.

10. Kama umebadilisha injekta yenyewe, ile namba ndefu ya siri (code) iliyoandikwa kichwani mwa injekta iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Bila hiyo itagonga.

11. Pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, ndio uwashe. Usilegeze paipu za injekta injini ikiwa inawaka kama tulivyokuwa tunafanya na dizeli za zamani. Mle ndani presha inaweza kupita bar 1,000, inatoboa ngozi, na dizeli ikiingia mwilini hivyo ni hospitali mbio hata kama kidonda ni kidogo kama sindano.

MASWALI

Boy wa Ndeeba: Boss injekta za hiyo gari bei gani

Mwandishi: Hatua ya 2. Ukishasoma skana uje na namba.

Boy wa Ndeeba: Skana sina, inagonga tu. Nataka kununua zile za soko la Kisekka zimetolewa kwa injini ingine

Mwandishi: Ssebo, unataka kununua injekta ambayo hujui imetumika vipi, ubadilishe injekta ambayo hujui kama ni mbovu. Lipia skana kwanza. Ni pesa kidogo kuliko hata moja ya hizo nne.

Nalongo Mahindi, Masindi: Fundi asante sana. Mimi si fundi, napakia mahindi na dereva ndiye anakaa na gari. Kuna namna mimi mwenyewe naweza kujua mapema kabla taa haijawaka?

Mwandishi: Nalongo, swali zuri, ndilo nililotaka watu waulize. Gari ikiwa sailensa, mwambie dereva afungue kifuniko cha oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Ikipumua kwa nguvu, inapiga pafu pafu na harufu ya moshi wa egzosi, kuna gesi inapita, iwe kwa washa au kwa ringi za pistoni. Tochi ndani ya tundu hilo hilo: ukiona masizi makavu yameganda kama ukoko, usisubiri. La pili, siku ya kubadilisha oili mwambie fundi apasue filta ya zamani mbele yako afungue karatasi. Punje nyeusi ngumu ni masizi ya injekta. Vumbi linalong'aa ni beringi zimeanza kulika. Na kwa mzigo na vumbi la huko badilisha oili kila kilomita 5,000, usimsikilize anayekuambia 10,000.

Nalongo Mahindi, Masindi: Nimeelewa kabisa, leo jioni nafungua na dereva akiwepo.

Mzee Kazi, Arua: Hii habari ya washa mpya ni kupoteza pesa za watu. Sisi tunachoma shaba tangu enzi za 2L na 3L na gari zinatembea mpaka Juba.

Mwandishi: Mzee wangu, heshima yako ipo. 2L na 3L ni dizeli za pampu ya kawaida, nozo yake (ncha ya kumwagia dizeli) ni kitu kingine kabisa. Hapa washa ikibanwa mara moja imeshapoteza unene na umbo, kuichoma kunairudishia ulaini, unene haurudi. Injini ngapi za 1KD zimekufa sababu ya kitu kidogo hivyo, inaniuma. Kwenye hili sibadilishi neno.

Opio L.: Yangu inatoa moshi mweupe asubuhi tu halafu inakata. Washa?

Mwandishi: Si lazima. Angalia plagi za joto kwanza, ni rahisi. Zikiwa nzima, injekta moja inadondosha dizeli usiku. Usiache hivyo, pistoni za 1KD zinajulikana kupasuka na injekta inayomwaga vibaya inaharakisha. Moshi ukiendelea hata ikipata moto, pima kompreshoni.

Opio L.: Na sailensa inapanda inashuka yenyewe, mara nyingine inazima

Mwandishi: Hiyo mara nyingi ni vali ya kunyonya kwenye pampu kubwa ya dizeli, SCV. Usikubali kuuziwa pampu nzima, ile vali inabadilishwa peke yake. Filta ya dizeli mpya siku hiyo hiyo.

Afande Mstaafu: Kijana, si afadhali mtu auze hii achukue ya 2016 yenye 1GD?

Mwandishi: Afande, 1GD ya lita 2.8 ina cheni badala ya mkanda wa taimingi (unaozungusha vali kwa wakati wake), hapo umepumzika. Ila zile zilizokuja na chujio la moshi DPF nazo zina yake. Australia wamiliki walishtaki kwa sababu ya DPF za Hilux, Prado na Fortuner zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, na mahakama mwaka 2022 ikawapa haki. Ukinunua iliyotumika, uliza kama ina DPF na kama imewahi kutobolewa. Halafu kumbuka sheria ya Uganda ya 2018 hairuhusu kuingiza gari iliyofikisha miaka 15 au zaidi tangu itengenezwe, D4D za mwanzo hazitaingia tena. Iliyotunzwa vizuri usiiuze kwa hasira.

Afande Mstaafu: Sawa. Mkanda nao?

Mwandishi: Taa ya T-BELT ikiwaka, badilisha mkanda na tenshona yake pamoja. Kuna mafundi wanazima taa tu na kukurudishia gari. Ukinunua gari ya mtu na hakuna risiti ya mkanda, chukulia haujabadilishwa.

Kasajja Moroto: Huku tunaweka dizeli ya jerikeni, taa ya filta inawaka kila mara. Fundi anasema ni sensa, tuikate waya

Mwandishi: Msikate. Hiyo taa mara nyingi inasema kuna maji. Chini ya filta kuna koki ya plastiki, weka chupa chini, legeza, piga pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu, funga kwa vidole bila plaizi, ikivunjika huko mtaipata wapi. Jerikeni iache itulie usiku kucha, mimina ya juu, kile cha chini kiache. Fanya hivyo wiki mbili kisha niambie kama taa imerudi.